Padri mpya, vigango zaidi ya ishirini: nipange vipi sala, wagonjwa na vitabu vya parokia?

PadriMpya_WestNile aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo. Nimepangiwa parokia ya mashambani huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tuko mapadri wawili, vigango (makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia) vinazidi ishirini, na vingine viko ng'ambo ya mito ambayo mvua ikishika haivukiki. Wengi wanasema Kilugbara, Waaluri wapo, na upande wa makambi ya wakimbizi Kiswahili na Kiarabu cha Juba ndivyo vinavyotuunganisha.

Naomba msaada wa mapadri waliotumikia muda mrefu, makatekista, masista wa zahanati na watu wa ofisi za parokia. Ratiba ya vigango ipangweje? Mgonjwa akiniita usiku nibebe nini na nianzie wapi? Vitabu na pesa visimamiweje? Na lililo kubwa kwangu: padri anayefika mwisho wa utume wake bado anasali na bado anawapenda watu, alishika nini tangu mwanzo? Niambieni mambo ya kufanya, mawaidha ya jumla ninayo ya kutosha.

PadriMzee alijibu:

Milele amina, Padri. Naanza na swali lako la mwisho, maana mengine yote yanalitegemea. Padri anayefika mbali akiwa bado anasali ni yule aliyeipa sala saa yake kabla parokia haijaamka, akailinda saa hiyo kama anavyolinda saa ya Misa. Katika Sala ya Kanisa ya kila siku, Masifu ya Asubuhi na Masifu ya Jioni ndiyo nguzo. Kipindi cha Masomo kina uhuru: kinaweza kusaliwa saa yoyote, hata jioni ya siku iliyotangulia baada ya Masifu ya Jioni. Kwa hiyo siku ya safari ndefu, sali Masomo usiku wa kuamkia, Masifu ya Asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, sala moja ya mchana ukiwa kigangoni, na Masifu ya Jioni kabla ya kukaa mezani. Mambo huharibika padri anapojiambia "nitasali nikirudi." Anarudi saa nne usiku, ana vumbi hadi masikioni, anaweka kitabu pembeni. Mara ya kwanza ni uchovu wa haki kabisa. Ikiendelea hivyo mpaka Kwaresima, imekuwa ndiyo ratiba yake.

Masifu ya kwenye simu yanafaa njiani. Nyumbani shika kitabu, kwa sababu simu hiyohiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa fundi wa bati katikati ya zaburi.

Mwezi wa Januari andika tarehe mbili kwenye kalenda kabla ya harusi na harambee kuzimeza: mafungo ya mwaka na likizo. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu paroko kupumzika hadi mwezi mmoja kwa mwaka, na siku za mafungo hazihesabiwi humo. Wewe kama msaidizi unapata vivyo hivyo. Padri asiyepumzika huanza kuwafokea watu kwenye mlango wa ofisi, na waumini hawatasema kwamba amechoka. Watasema ana kiburi, na hawatarudi. Kuungama kwako nako kupe siku yake ya mwezi na padri wa parokia jirani. Simkatazi mtu kuungama kwa mwenzake wa nyumba moja, ila nyumba ya watu wawili ina ugomvi wake mdogomdogo, na ugomvi huo hufunga mdomo.

Mahubiri: soma masomo ya Jumapili tangu Jumatatu. Papa Fransisko mwaka 2024 alishauri yasizidi dakika nane. Kumbuka kwamba ukitafsiriwa kwa Kilugbara, nane zinakuwa kumi na sita. Andika ya dakika tano, na umpe mtafsiri karatasi jana yake.

Sasa wagonjwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo upadri unapoonekana kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwe na mfuko mmoja wa wagonjwa, ukae karibu na mlango, usichukuliwe kwa kazi nyingine. Ndani weka stola nyembamba (utepe wa padri wa shingoni) yenye zambarau upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kichupa cha mafuta ya wagonjwa, kibweta cha Ekaristi pamoja na kifuko chake cha kuvaa shingoni, korporale ndogo (kitambaa cha kuwekea Ekaristi), kitabu cha ibada, maji ya baraka, mshumaa na kiberiti, kijiko cha chai, pamba, glavu, tochi, daftari dogo na kalamu. Ekaristi huitoi mapema kwenye tabernakulo, kisanduku inamohifadhiwa kanisani. Unaitoa wakati wa kuondoka, unaivaa shingoni chini ya shati, na ukishaivaa hupiti sokoni wala husimami kusalimiana kwa muda mrefu.

Vichupa vya mafuta vina alama za Kilatini: OI ni ya wagonjwa, OC ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), SC ni Krisma, mafuta ya Kipaimara. Alama zikifutika, nusa: Krisma ina harufu ya manukato, mengine hayana. Usibebe mafuta yakiwa majimaji. Loweka pamba ndani ya kichupa, la sivyo pikipiki ikirukaruka kwenye marumu utakuta mafuta yote yamehamia kwenye stola. Joto letu huyachachusha, nayo yanabadilishwa kila mwaka baada ya Misa ya Krisma. Ya zamani yanachomwa, hayamwagwi. Na ukifika ukakuta kichupa kikavu, usirudi nyumbani: kanuni ya 999 inampa padri yeyote ruhusa, panapokuwa na lazima, kubariki mafuta palepale ndani ya ibada. Sharti ni kwamba yatokane na mimea. Ya simsim au alizeti yaliyomo jikoni mwa familia hiyo yanafaa. Samli haifai.

Ukiingia nyumbani, salamu ya amani, maji ya baraka, kisha waombe watu watoke ili mgonjwa aungame. Wakisitasita, mwambie mkubwa wa nyumba ndiye awatoe. Baada ya maungamo warudi, soma Neno kwa ufupi, mpake kwenye paji la uso na mikononi, Baba Yetu, halafu Komunyo. Kwa anayekufa Komunyo hiyo ndiyo Viatiko, chakula cha safari. Kama pumzi zinakatika, kata njia: kitubio kifupi, Viatiko mara moja, na mpako ukiwa bado una nafasi. Mpako mmoja tu kwenye paji unatosha, mradi maneno yote yasemwe. Umpe na baraka ya kitume yenye rehema kamili. Mapadri wengi huisahau, na ni zawadi ambayo Kanisa limemwekea mtu kwa saa hiyohiyo.

Ukikuta ameshakufa, humpaki. Unasali sala za marehemu pamoja na familia. Ukiwa na shaka kama amekufa, mpake.

SistaWaZahanati alijibu:

Asante Padri Mzee. Naongeza upande wa afya.

Kabla ya Komunyo muulize anayemuuguza: leo amemeza nini? Kama ni uji tu na unamkwama, mwinue kichwa, mpe tone la maji kwa kijiko uone kama anameza bila kukohoa. Kisha mpe kipande kidogo sana cha hostia, kama punje ya mchele, na maji tena. Asiyeweza kumeza kigumu kabisa, kanuni ya 925 inaruhusu apewe Damu ya Kristo peke yake, lakini hiyo inahitaji kupangwa na Misa ya siku hiyo na chombo kinachofungwa vizuri. Anayetapika asipewe, mpake na umtie moyo. Mwenye mpira puani, muulize nesi kwanza.

Asiye na fahamu anapakwa, ikiwa alipokuwa mzima alionyesha walau kwa namna fulani kwamba angetaka. Usimsubiri azinduke.

Suala la maambukizi. Uganda imepigwa na Ebola zaidi ya mara moja: Gulu mwaka 2000, Bundibugyo 2007, Mubende 2022. Padri haingii wodi ya karantini kwa ujasiri wake mwenyewe. Anaingia kwa utaratibu wa timu ya afya, au haingii. Kanuni inamtaka padri apake kwa mkono wake, lakini pakiwa na sababu nzito inamruhusu kutumia chombo: pamba kwenye kijiti, mpako mmoja kwenye paji, pamba inabaki wodini ichomwe na taka za wodi. Isirudi kwenye mfuko. Kichupa kizima usiingie nacho. Chovya pamba kabla. Na maiti ya aliyekufa kwa Ebola haiguswi na mtu yeyote asiye wa timu ya mazishi, padri akiwemo. Sala zisomwe kwa mbali, jamaa wakisikia. Padri akiwaeleza kwa upole kwa nini marehemu haoshwi, familia humsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Tatizo linalotuumiza zaidi ni kuitwa kwa kuchelewa. Watu wameshika kwamba padri akija na mafuta, jeneza liko nyuma yake. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe anakataa, au watoto wake wanamficha. Mpako ni wa mgonjwa mzito, wa anayeingia chumba cha upasuaji, wa mzee aliyedhoofika. Na akipona akaugua tena, au hali ikizidi, anapakwa tena. Dawa ni watu kuuona hadharani. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani. Fanya Misa ya mpako parokiani, kila jumuiya ndogo ndogo ilete orodha ya wagonjwa wake wiki mbili kabla, na usafiri upangwe. Wakishawaona wazee wamepakwa na wamerudi nyumbani kula chakula cha mchana, mwaka unaofuata watakuita mapema. Ila usimpake kila aliyejipanga. Mwenye mafua si mgonjwa wa mpako, na akipakwa yeye, yule mahututi ataona ni jambo la kawaida tu.

KatekistaWaKigango alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo, mapadri wetu na sista. Nazungumzia vigango.

Fanya hesabu kabla ya kuahidi. Mapadri wawili, Misa mbili kila mmoja Jumapili, ni nne. Mbili zikibaki parokiani, mbili zinakwenda vigangoni, na vigango ishirini vinamalizika kwa wiki kumi. Hiyo ni mbali mno. Ongeza ziara za Jumanne na Alhamisi, kila padri kigango kimoja kwa siku: hapo ni vigango vinne kwa wiki, na hata bila kuhesabu Jumapili mzunguko wote unaisha kwa wiki tano. Sheria inaruhusu Misa tatu Jumapili pakiwa na lazima ya kichungaji na kwa ruhusa ya askofu, ila Misa ya tatu ikigeuka desturi, watu wa kigango cha tatu hupata padri anayetazama saa. Afadhali waje wachache Alhamisi wapate padri mzima.

Ziara ya kigango isiwe Misa tu. Njoo jioni ya kuamkia, ulale hapo. Jioni tunakupeleka kwa wagonjwa, usiku unakaa na baraza la kigango, asubuhi maungamo, Misa, halafu wakatekumeni. Ukija saa nne asubuhi na kuondoka saa sita, umetupa sakramenti lakini hujatujua. Usije siku ya mnada. Vigango vya ng'ambo ya mto vipangie Desemba hadi Machi, wakati wa kiangazi, na ratiba ya miezi mitatu ibandikwe mlangoni. Ikibidi kuahirisha, mpigie katekista simu jana yake kabla ya jioni. Mama aliyetembea kilomita nane na mtoto mgongoni kwa ajili ya ubatizo akaukuta mlango umefungwa, hatuna la kumwambia.

Jumapili ambazo padri hayupo, katekista anaongoza Liturujia ya Neno. Tupe mambo manne: masomo sahihi ya Jumapili hiyo, maelezo yako ya mahubiri kwenye karatasi moja, maombi ya waumini, na mipaka iliyo wazi. Hatukalii kiti cha padri, hatusemi Sala ya Ekaristi, hatutungi mahubiri yetu. Maelezo yako tukiyapata, watu wanajua wamefundishwa na mchungaji wao japo hayupo. Tusipoyapata, kila kigango kinakuwa na mafundisho yake.

Na mtutunze. Imani ya nchi hii imeshikwa na walei tangu mwanzo. Wamisionari wa Afrika walifika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Mwaka 1882 wakaondoka kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, na hawakurudi mpaka 1885. Miaka hiyo yote Wakristo wachanga, Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwa kati ya viongozi wao, waliendelea kufundishana na kubatiza waliokuwa wanakufa. Huku kaskazini tuna Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol mwaka 1918, wakatangazwa wenyeheri 2002. Katekista wa leo naye anahitaji baiskeli yenye tairi, posho isiyochelewa, semina walau mara moja kwa mwaka, na padri asiyemkosoa mbele ya watu. Makosa yetu tuambie sakristiani.

MwandishiWaOfisi alijibu:

Padri, karibu. Kwa upande wa ofisi, ubaya huanza pale tu mtu anapoandika ubatizo kwenye karatasi ya daftari la shule ili "nitahamisha baadaye."

Daftari la ubatizo ni uti wa mgongo wa parokia. Kila mstari: namba, jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, wazazi, msimamizi, aliyebatiza, tarehe na mahali pa ubatizo. Daftari lisiende vigangoni. Katekista aje na fomu zilizojazwa, padri asaini palepale baada ya ibada, na zihamishwe ndani ya wiki hiyo. Pembeni acha nafasi kwa Kipaimara, ndoa, daraja na nadhiri, kwa maana yote hayo yanarudi kuandikwa kwenye mstari wa ubatizo. Ukifungisha ndoa ya kijana aliyebatizwa parokia nyingine, mtumie paroko wa huko taarifa. Hilo likisahauliwa, mtu mmoja anaweza kupewa cheti cha ubatizo "kisicho na ndoa" huku ana mke Arua na anatafuta mwingine Kampala. Kwa hiyo kwa ndoa dai cheti kipya, kisichozidi miezi sita. Kile alichohifadhi mama yake tangu Komunyo ya Kwanza hakifai.

Mtoto wa mama asiyeolewa, andika jina la mama ikiwa ni jambo linalojulikana hadharani au yeye mwenyewe ameomba. Jina la baba liandikwe kwa hati ya serikali, au baba akiri mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Usiandike kwa kusikia tu, hata kama kijiji kizima kinamtaja.

Tumia wino mweusi usiofifia. Miguu ya kabati ikae ndani ya makopo yenye oili chafu, maana mchwa wa huku humaliza daftari zima msimu mmoja wa mvua. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya na nakala ikae nje ya parokia.

Ndoa ina upande wa serikali pia: kanisa liwe na leseni ya kufungisha ndoa, na taarifa za ndoa zirudishwe kwa ofisi ya usajili, URSB. Kabla ya kukubali harusi ya kigangoni, uliza kama pana leseni. Wengi hugundua kasoro siku wanapohitaji cheti kwa ajili ya pasipoti au urithi.

Pesa. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa ukoo mmoja, palepale baada ya Misa, waandike na wasaini wote. Padri asihesabu peke yake na asitembee na sadaka mfukoni, hata kwa nia njema. Kamati ya fedha ya parokia si hiari, kanuni ya 537 inaidai. Pesa ya bati ni ya bati: kanuni inakataza kugeuza matumizi ya kilichotolewa kwa lengo maalumu. Malipo ya simu yaende kwenye laini ya parokia, isiwe ya padri.

Nia za Misa, yaani maombi ambayo watu wanatoa sadaka ili Misa isomwe kwa ajili yake, ziwe na daftari lake: tarehe, aliyetoa, nia, kiasi, na siku Misa iliposomwa. Padri akisoma Misa zaidi ya moja kwa siku, anabaki na sadaka ya nia moja tu. Nyingine zinakwenda alikoelekeza askofu, isipokuwa siku ya Noeli. Paroko anasoma Misa moja kila Jumapili kwa ajili ya waumini wake wote. Usipokee nia usizoweza kuzimaliza ndani ya mwaka. Kuhusu kuunganisha nia nyingi katika Misa moja, Roma ilitoa amri mpya Aprili 2025, basi fuata maelekezo ya jimbo lako.

PadriMpya_WestNile aliandika:

Mungu awabariki. Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, maungamo: vigango vingi havina kiti cha maungamo, tunakaa chini ya mwembe, na Kilugbara changu bado ni cha salamu. La pili, katika baraza la parokia kuna pendekezo kwamba kila kigango kiwekewe tabernakulo ili watu wapate Komunyo kila Jumapili. Mnaonaje?

PadriMzee alijibu:

Chini ya mwembe panafaa, ukipapanga. Viti viwili viwe ubavu kwa ubavu vikitazama pande tofauti, kati yake kitambaa kilichotundikwa kwenye fremu nyepesi ya mbao ambayo kila kigango kinaweza kuwa nayo. Foleni ikae mbali hatua ishirini, na wote wakuone. Mahali msipoonekana na watu msikae, hasa anapoungama mtoto. Mwombe kiongozi wa kwaya aendeleze nyimbo, maana upepo wa kiangazi hubeba sauti hadi kwenye foleni. Usikae upande ambao upepo unatoka.

Lugha: jifunze kwanza maneno ya maungamo. Amri Kumi, namba, "mara ngapi," "unajuta?", malipizi matatu au manne, na sala ya majuto. Kwa bidii ya kila jioni na katekista mzuri, Pasaka haitakukuta bubu. Ondoleo unaweza kulisema kwa Kiswahili, mradi maneno ni yale yaliyoidhinishwa na ni kamili. Mtafsiri anaruhusiwa, kanuni ya 990, lakini achaguliwe na anayeungama mwenyewe, na amefungwa na siri. Mwambie hivyo wazi mbele ya muungamaji kabla ya kuanza. Nisingemtumia katekista wa kigango hichohicho, kwa sababu kesho yake ndiye anayempa muungamaji nafasi ya kusoma somo. Akiwa hatarini kufa na hamna lugha, ishara ya majuto inatosha: kupiga kifua, kubusu msalaba, kukubana mkono.

Siri yenyewe unaijua, lakini ilinde na pembeni mwake. Usihubiri juu ya wizi Jumapili inayofuata maungamo ya kigango kidogo. Usibadilishe namna unavyomsalimu mtu. Usimwondoe mhazini kazini kwa ulichosikia pale, na hata sura yako isiseme neno.

Na msongamano wa Noeli au Pasaka peke yake si sababu ya ondoleo la jumla, la watu wengi pamoja bila kuungama mmoja mmoja. Panga na dekania, kundi la parokia jirani: mapadri watano au sita wazunguke parokia moja baada ya nyingine wakati wa Majilio na Kwaresima.

KatekistaWaKigango alijibu:

Juu ya tabernakulo, mimi naunga mkono pendekezo. Watu wanakaa wiki tano bila Mwili wa Kristo. Wagonjwa wetu wanaweza kupelekewa na mhudumu aliyeruhusiwa na askofu badala ya kusubiri barabara ikauke. Njaa hiyo ni ya kweli.

Dekano_Mstaafu alijibu:

Ni ya kweli, Mwalimu, na lazima ishibishwe, lakini tabernakulo kila kigango si njia yake. Kanuni ya 934 inataka panapohifadhiwa Ekaristi pawe na mtu wa kuitunza daima, na padri aadhimishe Misa hapo walau mara mbili kwa mwezi kadiri inavyowezekana. Kwa mzunguko wa wiki tano hamfiki. Angalia na mambo yenyewe: hostia ni mkate wa ngano, na kwenye chumba cha bati wakati wa mvua hushika unyevu na kuota ukungu. Kanisa la kigango lina dirisha bila kitasa, mbuzi wanaingia, wezi wanatamani chochote kinachong'aa. Tabernakulo inatakiwa isiyohamishika, imara, isiyoonyesha ndani, imefungwa na ufunguo unatunzwa.

Ningependekeza hivi. Chagueni vigango vitatu au vinne vilivyo katikati ya vingine, vyenye jengo la matofali, mlango wa chuma na katekista anayeishi hapohapo. Hivyo vipate Misa kila wiki mbili na tabernakulo, na ombeni askofu awaruhusu wahudumu wa Komunyo. Kila Jumapili mhudumu anapeleka Ekaristi kwenye kigango jirani kwa Liturujia ya Neno na kwa wagonjwa. Kinachobaki kinarudishwa siku hiyohiyo, hakilali nyumbani kwa mtu. Hostia zilizohifadhiwa zibadilishwe padri anapokuja. Hesabu ya walioshiriki iandikwe kila Jumapili ili padri asiweke wakfu hostia nyingi mno.

Divai nayo iangalieni. Chupa ya mililita 750, ukitumia kama 20 kwa Misa, ni Misa thelathini na kitu, na kwa joto la huku itakuwa siki kabla haijaisha. Hamishia kwenye vichupa vidogo vilivyojaa hadi shingoni, ufungue kimoja kimoja. Divai iliyoharibika haifai kwa Misa. Na siku ya Misa mbili au tatu, kunywa maji na ule kitu katikati: sheria inamruhusu padri hivyo kabla ya Misa ya pili na ya tatu hata kama saa moja haijatimia. Wengi hawajui, wanaanguka njiani.

MwandishiWaOfisi alijibu:

Moja tu nililoliacha, kwa kuwa katekista ametaja waliobatizwa wakiwa wanakufa. Mtoto mahututi akibatizwa na katekista, nesi au bibi yake, ubatizo huo ni kamili, mradi maji ya kweli yametiririka kichwani na maneno ya Utatu yamesemwa na mtu huyohuyo anayemimina. Akipona, habatizwi tena. Analetwa kanisani kwa ibada zilizobaki, na jina lake liingie daftarini kwa tarehe ile ya dharura, likiwa na jina la aliyebatiza na la shahidi mmoja. Wagawie makatekista na wakunga wa zahanati fomu fupi za dharura, tano tano, zirudi ofisini Jumatatu.